WOODROW WILSON, MWANA WA MCHUNGAJI ALIYETAFUTA AMANI YA DUNIA

Katika kipindi cha vijana baada ya ibada, kijana mmoja alituuliza: ikiwa askari wa Marekani waliweza kumaliza vita ya dunia nzima, mbona vita vya kwetu haviishi? Hatukuwa na jibu fupi. Tuliahidi kuandika hapa habari za mtu aliyewatuma askari hao, maana alifaulu kusimamisha bunduki, lakini amani yenyewe ikamponyoka mikononi.

Woodrow Wilson alizaliwa tarehe 28 Desemba 1856 katika mji wa Staunton, jimbo la Virginia. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri, na mama yake alikuwa binti wa mchungaji. Akiwa bado mchanga, familia ilihamia Augusta katika jimbo la Georgia, na huko vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 vikawakuta. Kanisa la baba yake likageuzwa kuwa hospitali ya majeruhi. Kwa hiyo huyu hakusimuliwa vita. Aliviona akiwa mtoto, kama watoto wetu. Lakini tusifiche jambo jingine: baba yake alihubiri kutoka mimbarini kwamba utumwa ni halali, tena akitumia Biblia. Sumu hiyo mtoto aliinywa, na tutaiona mbele.

Kusoma kulimwia vigumu. Alikaribia miaka 10 ndipo akaanza kusoma vizuri. (Wazazi ambao watoto wao wanachelewa darasani, msiwakatie tamaa.) Baadaye alipata shahada ya udaktari, akawa mwalimu, kisha mkuu wa Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1902, gavana wa New Jersey mwaka 1911, na Rais wa Marekani mwaka 1913.

Mwezi Agosti 1914 mambo mawili yalimwangukia kwa wakati mmoja. Mataifa ya Ulaya yaliingia vitani, na tarehe 6 mwezi huohuo mke wake Ellen akafariki. Wilson aliamua nchi yake isiingie katika ugomvi huo. Hata mwaka 1915, nyambizi ya Wajerumani ilipozamisha meli Lusitania na kuua watu karibu 1,200, wakiwemo Wamarekani 128, alijizuia. Mwaka 1916 alichaguliwa tena, wafuasi wake wakimsifu kwamba amewaepusha wananchi na vita. Lakini mwezi Februari 1917 Ujerumani ilianza tena kuzamisha meli zote bila kubagua, na ikajulikana kwamba iliishawishi Mexico iungane nayo dhidi ya Marekani. Mwezi Aprili Wilson aliliomba bunge litangaze vita, na likakubali.

Askari hawakuwa tayari. Ilichukua karibu mwaka mzima kuwaandikisha, kuwafundisha na kuwavusha bahari. Kufikia katikati ya mwaka 1918 walikuwa wakishuka Ufaransa kama 10,000 kila siku, chini ya Jenerali John Pershing, na mwisho walifika milioni 2. Tusidhani kwamba wao peke yao ndio walioshinda. Ufaransa pekee ilikuwa imezika askari zaidi ya 1,300,000. Lakini pande zote mbili zilikuwa zimechoka kabisa, na Wajerumani walipoona kwamba adui anapata watu wapya kila siku wakati wao hawana wengine wa kuleta, mioyo yao iliyeyuka. Mwezi Septemba Wamarekani zaidi ya milioni moja waliingia katika mapigano ya Meuse-Argonne, na 26,000 hivi wakafa. Katika vita nzima Marekani ilipoteza watu wapatao 116,000, zaidi ya nusu yao kwa magonjwa, hasa ile homa ya mafua ya mwaka 1918.

Na ile sumu? Askari weusi wapatao 200,000 walivuka kwenda Ufaransa, lakini walitengwa na wazungu, na wengi walipewa kazi ya kupakua mizigo bandarini. Serikali ya Wilson ndiyo iliyozidisha kutenganisha weusi na weupe katika ofisi zake. Inatusikitisha kuandika hivyo juu ya mtu aliyesoma Biblia kila siku.

Mwezi Januari 1918 Wilson alikuwa ametangaza masharti 14 ya amani: mikataba isifanywe kwa siri, silaha zipunguzwe, madai ya makoloni yaamuliwe kwa kuangalia faida ya wenyeji sawa na madai ya serikali, na mataifa yaunde umoja wa kulindana. Mwezi Oktoba Wajerumani waliposhindwa kuendelea, walimwandikia yeye kuomba amani kwa masharti hayo. Tarehe 11 Novemba 1918, saa 5 asubuhi, mizinga ikanyamaza Ulaya. Huku kwetu Afrika habari zilichelewa. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilisalimu amri tarehe 25 Novemba, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia.

Wilson akapanda meli kwenda Paris. Hakuna Rais wa Marekani aliyewahi kwenda Ulaya akiwa madarakani kabla yake. Watu walijaa barabarani kumshangilia. Lakini mezani alikuwepo Clemenceau wa Ufaransa, ambaye nchi yake ilikuwa imeharibiwa, na Lloyd George wa Uingereza, na Orlando wa Italia, kila mmoja na madai yake. Wilson aliachia jambo hili ili apate lile. Wajerumani walibebeshwa lawama ya vita na deni kubwa. Japani ilipoomba usawa wa rangi uandikwe, wajumbe wengi wakaunga mkono, lakini Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, akasema haipiti kwa sababu si wote waliokubali.

Na sisi? Mwaka 1916 askari wa Congo, chini ya maofisa Wabelgiji, walikuwa wamefika Kigoma na Tabora, na wapagazi wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Mwaka 1919 wakubwa waligawana: Uingereza ikapata Tanganyika, na Ubelgiji ikapata Ruanda-Urundi. Sharti la kuangalia faida ya wenyeji lilikuwa limeandikwa, lakini hakuna mzee wa Bujumbura wala wa Ujiji aliyeitwa kuulizwa.

Alichoshikilia Wilson bila kulegea ni Shirikisho la Mataifa. Hati yake aliiita Agano, neno walilolipenda watu wa kanisa lake. Mkataba ulitiwa sahihi Versailles tarehe 28 Juni 1919, akarudi nyumbani nao. Kwa sheria ya Marekani ulihitaji theluthi mbili za kura za Baraza la Seneti. Wapinzani wake, wakiongozwa na Henry Cabot Lodge, walitaka kuongeza masharti. Wilson alikuwa hakumchukua hata kiongozi mmoja mkubwa wao kwenda Paris, na sasa alikataa kubadili. Aliamua kuwaendea wananchi kwa gari moshi, akihutubia mji baada ya mji, ingawa madaktari walimwonya. Tarehe 25 Septemba, baada ya kuhutubia Pueblo, Colorado, nguvu zilimwishia. Wiki iliyofuata alipatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukapooza. Mke wake wa pili, Edith, ndiye aliyeamua ni karatasi gani zimfikie kitandani.

Kutoka kitandani aliwaagiza wa chama chake waukatae mkataba wenye masharti ya Lodge. Wengi wao walitii. Mwezi Machi 1920 kura za kuukubali zilikuwa 49 dhidi ya 35. Zilipungua 7 tu. Sisi tunaotumika kanisani tunawajua watu wa namna hii, na wengine tunawaona kwenye kioo: mtu ana haki katika jambo kubwa, halafu kwa kukataa kumwachia ndugu yake neno dogo, analipoteza lote.

Shirikisho lilianza bila Marekani. Mwaka 1921 lilimteua Fridtjof Nansen, mtu wa Norway, kuwa Kamishna Mkuu wa wakimbizi, kwanza kwa ajili ya Warusi, na mwaka 1922 ukaanza kutolewa mkataba wa cheti kwa wasio na nchi, kilichoitwa pasipoti ya Nansen. UNHCR, ambayo karatasi zake tunazitunza ndani ya mifuko ya nailoni zisilowe, ilianza kazi mwaka 1951 ikifuata njia hiyo. Wilson aliishi kuiona ofisi ya Nansen, akiwa mgonjwa nyumbani kwake Washington. Alifariki tarehe 3 Februari 1924 na mwili wake umelazwa ndani ya kanisa kuu la mji huo. Nchi yake haikuingia kamwe katika Shirikisho lile, mpaka lilipovunjwa mwaka 1946.

Kijana wetu uliyeuliza, pamoja na wenzako, tutaonana tena baada ya ibada. Njoni na maswali mengine.