Raj Kapoor: Mwana wa waigizaji aliyependwa ng'ambo ya bahari

Tarehe 2 Juni mwaka 1988, mwigizaji na mwongozaji filamu wa India Raj Kapoor alifariki dunia mjini New Delhi akiwa na umri wa miaka 63. Habari za kifo chake ziliwagusa watu katika nchi ambazo lugha ya filamu zake haikuwa ikizungumzwa, zikiwemo za mwambao wa Afrika Mashariki na Oman.

Katika makala haya tunayaangazia maisha ya msanii huyo, ambaye alizaliwa katika ukoo wa waigizaji, akaukuza, na nusura aufilisi.

Nyumba ya sanaa

Raj Kapoor alizaliwa tarehe 14 Desemba mwaka 1924 mjini Peshawar, wakati huo ukiwa chini ya utawala wa Uingereza na leo ukiwa ndani ya Pakistan. Baba yake, Prithviraj Kapoor, alikuwa miongoni mwa waigizaji wa Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye sauti, iliyotoka mwaka 1931.

Mwaka 1944 Prithviraj alianzisha kundi la tamthilia lililoitwa Prithvi Theatres, ambalo lilizunguka India mji kwa mji. Kila onyesho lilipomalizika, mzee huyo alisimama mlangoni na mfuko wa nguo, akipokea chochote ambacho watazamaji waliweza kutoa kwa ajili ya wenye shida.

Raj hakumaliza masomo ya shule. Hata hivyo, baba yake hakukubali jina la ukoo liwe ngazi ya kumpandisha. Kijana alianzia chini kabisa, akitumwa kazi ndogondogo studio na kushika ubao unaogongwa kabla ya kamera kuanza kupiga picha.

Inasimuliwa kwamba siku moja aliugonga ubao huo karibu mno na uso wa mwigizaji mmoja, ukanasa ndevu zake za bandia na kuzing'oa. Mwongozaji Kidar Sharma alimzaba kofi mbele ya watu wote. Sharma huyohuyo ndiye aliyempa nafasi ya kwanza ya mhusika mkuu, katika filamu ya Neel Kamal ya mwaka 1947.

Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 23 tu, Raj alianzisha kampuni yake, RK Films, na kuongoza filamu yake ya kwanza, Aag. Mwaka 1949 Barsaat ilipata mafanikio makubwa, na kwa mapato yake akajenga studio katika eneo la Chembur, mjini Bombay.

Kesi ya damu na malezi

Filamu iliyomfanya ajulikane duniani ni Awaara, yaani mzururaji, ya mwaka 1951. Mwandishi wake, Khwaja Ahmad Abbas, aliuliza swali zito: je, mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtoto wa muungwana lazima awe muungwana?

Katika hadithi hiyo, jaji mmoja anaamini kwamba tabia hurithiwa kwa damu. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na mtoto anakulia mitaa ya kimaskini, mikononi mwa jambazi ambaye jaji mwenyewe alikuwa amemhukumu kwa imani hiyo. Mwishowe kijana anafikishwa mahakamani, na baba anatakiwa kuujibia moyo wake mwenyewe.

Lililoongeza uzito ni kwamba jaji aliigizwa na Prithviraj, na mwana aliyemkana akaigizwa na Raj, mwanawe wa kumzaa. Utoto wa kijana huyo uliigizwa na Shashi, mdogo wake Raj, na babu yao Basheshwarnath naye alionekana kwa muda mfupi akiwa amekalia kiti cha jaji. Ukoo uliokuwa ushahidi wa kurithishana kazi ulitoa filamu inayosema kwamba damu si hukumu.

Awaara ilishindanishwa katika tamasha la Cannes, na ilipooneshwa katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1954, watazamaji walihesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Uturuki na China nako nyimbo zake zilikuwa midomoni mwa watu. Sauti iliyosikika katika nyimbo hizo haikuwa ya Raj, bali ya mwimbaji Mukesh, na muziki ulitungwa na Shankar na Jaikishan.

Zanzibar na Oman

Katika mwambao wa Waswahili, filamu hiyo ilikuta njia iliyokwisha kufunguliwa na majahazi. Kwa karne nyingi vyombo vya Sur na bandari nyingine za Oman vilifuata pepo za kaskazi na kusi, vikiunganisha India, Ghuba na Zanzibar.

Miaka ya 1950, majumba ya sinema ya Mji Mkongwe kama Majestic, Sultana na Empire yalijaa watu kila filamu mpya ya Kihindi ilipowasili. Yalikuwepo pia maonesho maalumu ya wanawake. Wengi hawakujua Kihindi, lakini mama aliyefukuzwa, mwana asiyemjua baba yake, na mapenzi kati ya maskini na tajiri ni mambo yasiyohitaji mkalimani. Watunzi wa taarab nao walizichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitilia maneno ya Kiswahili.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, familia nyingi zenye asili ya Oman zilirejea katika nchi ya wazee wao. Zilifika Maskati, na pia miji ya Sharqiyah na Dakhiliyah kama vile Ibra, Sur na Nizwa, zikiwa na lugha ya Kiswahili, mapishi ya Unguja na kumbukumbu za sinema walizoziona ujanani.

Dau lililopotea

Studio ya Chembur ilikuwa na mafanikio, lakini pia majonzi. Nargis, mwigizaji aliyeshirikiana na Raj katika filamu zake mashuhuri, aliondoka, na mwaka 1958 akaolewa na mwigizaji Sunil Dutt. Raj, aliyekuwa na mke, Krishna, tangu mwaka 1946, aliendelea na kazi, na mwaka 1964 akatoa Sangam, filamu yake ya kwanza ya rangi.

Kisha akaingia katika kazi aliyoipenda kuliko zote. Mera Naam Joker, hadithi ya mchekeshaji wa sarakasi anayeficha machozi yake, ilimchukua miaka kadhaa na kutia rehani mali zake. Ilipotoka mwaka 1970, ikiwa na urefu wa takriban saa nne, watu hawakuja. Madeni yalimwelemea, na mwaka 1972 baba yake akafariki dunia.

Wokovu ulitoka nyumbani. Hakuwa na fedha za kumlipa nyota mkubwa, hivyo akamchukua mwanawe Rishi na msichana asiyejulikana, Dimple Kapadia, akatengeneza Bobby. Filamu hiyo ya mwaka 1973 ilijaza majumba ya sinema na kumtoa katika madeni. Na ile iliyomfilisi, baada ya miaka, ikaja kuhesabiwa miongoni mwa kazi zake bora.

Jukwaa la mwisho

Tarehe 2 Mei mwaka 1988, Raj alikwenda New Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima ya juu kabisa ya sinema ya India. Ugonjwa wa pumu ulimshika ukumbini, akashindwa kupanda jukwaani. Rais R. Venkataraman alishuka na kumkabidhi tuzo hiyo pale alipokuwa. Kutoka hapo alipelekwa hospitali, na hakurudi tena Bombay akiwa hai.

Filamu ya Henna, aliyoiacha katika maandalizi, ilikamilishwa na wanawe na kutolewa mwaka 1991. Studio ya Chembur iliungua mwaka 2017 na kuuzwa mwaka 2019. Wajukuu zake Karisma, Kareena na Ranbir waliifuata kazi ya babu yao. Kwa wale walioketi gizani katika Mji Mkongwe, wakisikiliza lugha wasiyoijua, Raj Kapoor alibaki yule kijana mzururaji aliyesimama mahakamani akidai ahukumiwe kwa matendo yake, si kwa damu yake.