Percival Lowell na Mifereji ya Mirihi



Usiku wa anga safi, toka nje ya nyumba yako uangalie juu. Utaona nyota nyingi zinazometameta. Lakini utaona pia chache zinazong'aa kwa utulivu, bila kumetameta. Hizo si nyota. Hizo ni sayari. Sayari hulizunguka jua, kama dunia yetu inavyolizunguka.

Sayari moja ina rangi nyekundu kama jembe lililoshika kutu. Jina lake ni Mirihi. Na ni kutu kweli. Udongo wake una chuma, na chuma hicho kimeshika kutu.

Je, kuna watu huko Mirihi? Je, wanalima na kuvuna kama wewe? Usicheke. Mtu mmoja msomi na tajiri aliamini hivyo, akatumia mali yake na miaka 22 ya maisha yake kutafuta ukweli. Mtu huyo aliitwa Percival Lowell.

Lowell alizaliwa mwaka 1855 katika mji wa Boston, nchini Marekani. Ukoo wake ulikuwa na viwanda vya nguo za pamba. Alisoma hesabu katika chuo kikuu cha Harvard, akamaliza mwaka 1876. Kisha alifanya kazi ya biashara ya ukoo wake kwa miaka kadhaa. Mwaka 1883 alisafiri kwenda Japani na Korea, akaandika vitabu juu ya watu wa huko. Hakuwa mtu wa kuhangaika kutafuta chakula cha kesho.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1877, katika mji wa Milan nchini Italia, mtaalamu wa nyota aitwaye Schiaparelli aliitazama Mirihi kwa darubini. Akaona mistari myembamba, mirefu. Aliiita kwa neno la Kiitaliano ambalo maana yake yaweza kuwa mkondo wa maji au mfereji. Waliolifasiri neno hilo kwa Kiingereza walichagua neno la mfereji uliochimbwa. Tazama neno moja linavyoweza kumpeleka mtu mbali! Mkondo huchimbwa na mvua. Mfereji huchimbwa na watu. Basi wengi wakaanza kuuliza ni nani waliochimba.

Lowell alivutiwa sana na habari hizo. Mwaka 1894 alijenga kituo cha kutazamia nyota juu ya kilima karibu na mji mdogo wa Flagstaff, katika jimbo la Arizona. Mahali hapo pana urefu wa zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Hewa ni jambo kubwa katika kazi hii. Weka sarafu chini ya maji yanayokwenda, kisha uitazame. Utaona inatikisika, ingawa imetulia. Sayari nayo huonekana hivyo hewa isipotulia. Mwaka 1896 Lowell alileta darubini mpya, yenye kioo cha upana wa sentimita 61.

Usiku baada ya usiku aliketi kwenye darubini, akachora aliyoyaona. Aliona mistari, si mmoja wala miwili, bali mamia. Aliona pia ncha za Mirihi zilivyo nyeupe kwa barafu, na jinsi barafu hiyo inavyopungua majira ya joto yakifika. Tena aliona sehemu nyeusi zikibadilika kwa majira, akadhani ni mimea inayochipua.

Kutokana na hayo akaunda maelezo yake. Alisema Mirihi ni sayari iliyozeeka, na maji yake yamekwisha isipokuwa yale ya barafu. Kwa hiyo wakazi wake wamechimba mifereji ya kuleta maji mashambani kutoka kwenye ncha zote mbili. Tunachokiona, alisema, si maji yenyewe, bali ni mimea iliyo kandokando ya mifereji. Na kwa kuwa mifereji imezunguka sayari nzima, watu hao lazima wanaishi kwa amani. Kama umewahi kuchimba mfereji pamoja na majirani, utaona kwamba hapo alifikiri vizuri. Wanaogombana hawawezi kugawana maji.

Vitabu vyake vilisomwa sana, lakini wataalamu wengi walikuwa na shaka. Mmoja wao alikuwa Andrew Douglass, msaidizi wake mwenyewe, ambaye ndiye aliyemtafutia kilima kile. Douglass alitengeneza mifano ya sayari, akaiweka mbali na kuitazama kwa darubini. Akatambua kwamba jicho huweza kuona mistari isiyokuwapo. Mwaka 1901 Lowell akamwachisha kazi. Hapo, kwa maoni yangu, Lowell alikosea kuliko alivyokosea juu ya mifereji.

Mwaka 1903, huko Greenwich, Uingereza, wavulana wa shule waliambiwa wachore picha iliyokuwa mbele yao. Picha hiyo haikuwa na mifereji, ila madoa madogomadogo. Hata hivyo baadhi ya wavulana walioketi mbali kidogo walichora mistari! Jaribu na wewe. Tia nukta nyingi, kubwa na ndogo, kwenye karatasi. Itundike ukutani, kisha urudi nyuma polepole. Huenda ukafika mahali ambapo nukta zinaungana na kuwa mstari.

Mwaka 1907 mzee Alfred Russel Wallace wa Uingereza aliandika kitabu cha kumpinga. Alisema Mirihi ni baridi mno, na maji ya mifereji ya wazi yangekauka kabla ya kuvuka jangwa. Mwaka 1909, karibu na Paris, Antoniadi aliitazama Mirihi kwa darubini kubwa kuliko ya Lowell. Hakuona mistari. Aliona madoa tu.

Lowell hakubadili mawazo yake. Hakuwa mwongo. Alichora alichokiona, lakini alikuwa na hamu kubwa mno ya kukiona. Kazi hiyo pia ilimdhuru. Mwaka 1897 aliugua kwa uchovu wa akili, akakaa karibu miaka minne bila kuifanya. Alifariki tarehe 12 Novemba 1916, akazikwa pale kilimani, karibu na darubini yake.

Kituo chake hakikufungwa. Lowell alikuwa pia ametafuta sayari nyingine mbali sana na jua, asiipate. Mwaka 1930 kijana wa miaka 24, Clyde Tombaugh, mtoto wa mkulima, aliona pale kituoni kitu kilichoitwa Pluto. Herufi mbili za kwanza za jina hilo ni herufi za kwanza za Percival Lowell. Tangu mwaka 2006 Pluto huhesabiwa kuwa sayari kibete.

Na mifereji je? Mwaka 1965 chombo cha Marekani kilichoitwa Mariner 4 kilipita karibu na Mirihi na kupiga picha. Hapakuwa na mfereji, wala shamba. Palikuwa na mashimo makubwa na vumbi. Mwaka 1976 vyombo viwili vilitua huko na kupima udongo. Havikupata dalili ya hakika ya uhai.

Lakini picha za vyombo vingine zilionyesha jambo ambalo Lowell angelifurahia. Kuna mabonde makavu, yaliyochimbwa na maji yenyewe zamani sana. Hiyo ni mikondo, si mifereji. Mwezi wa Februari 2021 gari lisilo na dereva, liitwalo Perseverance, lilitua Mirihi mahali ambapo zamani palikuwa na ziwa, karibu na mdomo wa mto uliokauka. Lilipelekwa huko kutoboa mawe na kutafuta ndani yake alama za viumbe vidogo sana, visivyoonekana kwa macho.