Theodore Judah

Theodore Dehone Judah (Bridgeport, Connecticut, 4 Machi 1826 – New York, 2 Novemba 1863) alikuwa mhandisi wa reli nchini Marekani. Anakumbukwa kama mtu aliyepima njia ya kuvusha reli juu ya milima ya Sierra Nevada, na aliyelishawishi Bunge kukubali ujenzi wa reli ya kwanza ya kuvuka bara la Amerika Kaskazini. Alifariki miaka 6 kabla ya reli hiyo kukamilika.

Maisha ya awali

Judah alikuwa mtoto wa kasisi wa Kanisa la Episkopali. Alisomea uhandisi katika mji wa Troy, jimbo la New York, kisha akafanya kazi katika reli za mashariki, ikiwemo ile iliyopita kwenye korongo la Niagara. Tarehe 10 Mei 1847 alimwoa Anna Pierce.

Mwaka 1854 alikwenda California kuwa mhandisi mkuu wa reli ya bonde la Sacramento. Reli hiyo, yenye urefu wa kilomita 35 hivi kutoka Sacramento hadi Folsom, ilikamilika mwaka 1856. Wakati huo msafiri kutoka New York alifika California kwa kuzunguka Amerika Kusini kwa meli, kwa kukatiza Panama, au kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Safari iliweza kuchukua miezi kadhaa.

Kutafuta njia

Mwaka 1857 Judah alichapisha kijitabu kilichoeleza jinsi ya kujenga reli hadi Pasifiki. Alilizungumzia jambo hilo mno hata baadhi ya watu wakamwita mwendawazimu. Mwaka 1859 mkutano wa reli uliofanyika San Francisco ulimtuma Washington, lakini hakufanikiwa, kwa kuwa wabunge wa kaskazini na wa kusini hawakukubaliana reli ipite wapi.

Kikwazo kikubwa kilikuwa milima ya Sierra Nevada. Mwaka 1860 Daniel Strong, muuza dawa wa mji mdogo wa Dutch Flat, alimwonyesha Judah mgongo mrefu wa mlima unaopanda polepole hadi kipito cha Donner, chenye kimo cha mita 2,100 hivi. Kwingine reli ingelazimika kuvuka safu mbili za vilele, lakini hapo palikuwa na safu moja tu.

Kampuni na sheria

Matajiri wa San Francisco walikataa kutoa fedha. Judah aliwapata wafanyabiashara wanne wa Sacramento: Leland Stanford, Collis Huntington, Mark Hopkins na Charles Crocker. Kampuni ya Central Pacific iliandikishwa tarehe 28 Juni 1861, naye akawa mhandisi wake mkuu.

Alirudi Washington, akafanywa karani wa kamati za Bunge zilizoshughulikia reli ya Pasifiki. Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria ya reli hiyo tarehe 1 Julai 1862. Central Pacific ingejenga kuelekea mashariki, na Union Pacific kuelekea magharibi. Serikali ingezipa kampuni hizo ardhi pamoja na mkopo wa hati za dhamana: dola 16,000 kwa kila maili ya tambarare, dola 32,000 katika nyanda za juu na dola 48,000 milimani.

Ugomvi na kifo

Ujenzi ulizinduliwa Sacramento tarehe 8 Januari 1863. Muda si mrefu Judah alihitilafiana na wenzake. Alipinga Crocker kupewa kazi ya ukandarasi, na alikataa kuthibitisha kwamba milima inaanzia Arcade Creek, umbali wa maili 7 tu kutoka Sacramento, mahali ambapo nchi bado ni tambarare. Wenzake walitaka iwe hivyo ili walipwe kiwango cha milimani, na serikali iliwakubalia.

Judah alipewa nafasi ya kununua hisa za kila mmoja wao kwa dola 100,000. Oktoba 1863 alisafiri na mkewe kwenda New York kutafuta wenye mitaji. Alipokuwa akivuka Panama aliambukizwa homa ya manjano. Alifariki New York akiwa na umri wa miaka 37, siku chache baada ya reli ya kwanza kulazwa Sacramento tarehe 26 Oktoba. Alizikwa Greenfield, Massachusetts.

Baada yake

Nafasi yake ilichukuliwa na Samuel Montague. Maelfu ya vibarua Wachina walichimba mahandaki katika miamba ya Sierra Nevada, wengi wakipoteza maisha kwa milipuko na maporomoko ya theluji. Kwa sehemu kubwa reli ilifuata njia aliyoipima Judah: Sacramento, Colfax, Dutch Flat, kipito cha Donner na Truckee. Kisha iliteremka Reno na kufuata mto Humboldt katika jimbo la Nevada.

Tarehe 10 Mei 1869 reli hizo mbili zilikutana Promontory, Utah. Central Pacific ilikuwa imejenga kilomita 1,110 hivi, na Union Pacific kilomita 1,750 hivi kutoka Omaha, Nebraska. Siku hiyo ilitimia miaka 22 tangu Judah na Anna waoane. Mlima Judah, karibu na kipito cha Donner, umepewa jina lake.