Gavana Rechenberg na Kadi ya Usambara

Mji wa Lushoto, ulio juu katika milima ya Usambara, zamani za Wajerumani uliitwa Wilhelmstal, kwa heshima ya Kaisari wao. Walowezi waliipenda baridi yake, wakafungua mashamba kandokando. Ardhi walikuwa nayo. Walichokosa ni mikono. Wasambaa walikuwa na mahindi na migomba yao, wala hawakuona sababu ya kuiacha ili wamlimie mgeni kwa ujira mdogo. Ndipo yalipotokea mashindano makubwa juu ya haki ya mfanyakazi, na katikati yake alisimama Albrecht von Rechenberg, Gavana wa koloni tangu mwaka 1906 hata 1912.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1861, mtoto wa ukoo wa kibwana, Mkatoliki, mtu wa sheria. Katika miaka ya 1890 alikuwa hakimu huku kwetu, kisha mwakilishi wa Ujerumani katika Unguja, akakifahamu Kiswahili. Aliporudi kuwa Gavana, vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, vilikuwa havijazimika bado. Watu wengi mno walikuwa wamekufa, na walio wengi waliuawa na njaa. Rechenberg akakata shauri kwamba nchi haiwezi kutawaliwa kwa kuwashurutisha watu siku zote. Aliona kuwa utajiri wa nchi ni mkulima katika shamba lake mwenyewe, na kwamba yafaa reli ifike bara ili mkulima huyo apate pa kuuzia mazao yake. Kwa sababu hiyo walowezi walimchukia, maana kila mtu aliyejilimia walimhesabu kuwa kibarua waliyenyang'anywa.

Lakini katika utawala wake huohuo, mwaka 1907, kadi ya kazi ilianza Wilhelmstal. Mwanamume alipewa kadi, akapaswa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliokwisha kupangwa. Asiyeitimiza alipelekwa kwenye kazi za serikali kwa malipo pungufu. Hakuwa mtumwa wa kununuliwa, wala hakuwa na hiari.

Mwaka 1909 Gavana alitoa sheria juu ya wafanyakazi wa mkataba, wale waliotoka mbali, hasa Unyamwezi, kuja katika mashamba. Uandikishaji wao ukawekewa masharti, mwajiri akapewa wajibu juu ya watu wake, na wakawekwa maofisa wa kukagua mashamba na kusikiliza malalamiko. Hilo lilikuwa jambo jema, nasi tusimnyime sifa yake. Hata hivyo adhabu ya viboko haikufutwa, na kadi ya Usambara iliendelea hata baada ya yeye kuondoka. Huko kwao aliingia Bungeni katika chama cha Wakatoliki, akafariki mwaka 1935.

Tukiyapima maisha yake twaona mtu mwadilifu aliyetaka kumlinda mfanyakazi, lakini hakuwahi kumpa mfanyakazi nafasi ya kusema. Ulinzi wa namna hiyo hukaa maadamu bwana mwema amekaa kitini. Waingereza nao walianzisha Idara ya Kazi mwaka 1926, na bado kibarua alihesabiwa siku zake kwa kipande. Mambo yalianza kugeuka wafanyakazi wenyewe walipojifunga pamoja. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana kuwa Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, vikadai mezani kile ambacho zamani kilingojewa kama sadaka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kazi ya kulazimishwa, yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na kumpa mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Haiwagusi wenye mashamba na viwanda peke yao. Jamaa nyingi zinazosoma ukurasa huu zina msichana wa kazi jikoni au kijana wa kuchunga ng'ombe. Yafaa baba na mama wa nyumba wajiulize kama ujira wake ulipatanwa naye au ulipangwa bila yeye, kama hulipwa kwa siku yake, na kama aweza kulalamika pasipo kufukuzwa. Wema wa moyo tusidhani watosha. Rechenberg alikuwa nao, na Msambaa alibaki na kadi yake mkononi.