Livingstone, muzee aliyetafuta Nile mbele ya Ruzizi yetu

Sisi wa Sange tunaijua Ruzizi. Inatoka ziwa Kivu kule Bukavu, inashuka plaine, inaingia Tanganyika karibu na Uvira. Hata mtoto wa primaire atakuambia. Lakini kulikuwa wakati ambapo wasomi wa Ulaya walibishana juu ya jambo hilo miaka na miaka, na muzungu mmoja alifuata mayi hadi akafa nayo.

Ni David Livingstone. Alizaliwa 1813 huko Blantyre, Scotland, katika familia maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kutumika katika kiwanda cha pamba, sawa vile watoto wengi wa hapa wanavyoingia kazini mapema juu ya shida ya nyumbani. Alisoma usiku, akawa munganga na mumisionari, na 1841 akafika Afrika ya Kusini.

Mwaka wa 1866 alirudi Afrika na kazi moja kubwa: kujua Nile inaanzia wapi. 1869 alivuka Tanganyika akaingia pori la Maniema. Mwenye amekwisha kutembea kwa mguu kutoka Kamituga kuelekea Shabunda anaelewa: miti inafunika jua, mvua haikomi, matope hadi magoti. Miguu ilimtoka vidonda, akalala miezi mingi Kabambare. Machi 1871 akafika Nyangwe, akaona Lualaba, mto munene unaoelekea kaskazini. Akaamini ndiyo Nile.

Tarehe 15 Julai mwaka ule, watu wa wafanyabiashara wa watumwa walipiga risasi katikati ya soko la Nyangwe. Mamia walikufa, wengi wao wamama, wengine wakizama mtoni. Livingstone aliona kwa macho yake. Habari aliyoandika ilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka wa 1873. Yeye alirudi Ujiji mgonjwa, moyo umevunjika, na hapo ndipo Stanley alimkuta.

Novemba 1871 wote wawili walipanda mtumbwi hadi mwisho wa ziwa kwa upande wa kaskazini. Kule Ulaya wengine walisema Ruzizi inatoka Tanganyika kwenda kuungana na Nile. Walipofika waliona mayi inaingia ziwani, haitoki. Ubishi ukaisha.

Ndugu wasomaji, tuangalie hapa vizuri. Siku ile muzee alikuwa mbele ya milima ya Burundi, ile ile tunayoiona kila asubuhi ng'ambo ya Ruzizi. Juu ya mgongo wake kuna pori la Kibira. Mvua inayoanguka upande wa kwetu inashuka Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, Lualaba, hadi bahari ya Atlantiki. Ile ya upande mwingine inaenda Ruvubu, Kagera, ziwa Victoria, kisha Nile hadi Misri. Burundi haina bahari, lakini mayi yake inafika bahari mbili. Na chemchemi ya Nile iliyo kusini kuliko zote iko Rutovu, Burundi huko huko. Muzee alikuwa karibu, akageuza mtumbwi.

Wachimbaji wanajua uchungu huu: kuchimba miaka yote shimo moja, kumbe dhahabu iko kwenye kilima cha jirani. Livingstone alienda tena kusini, kwenye maji ya Bangweulu, akafa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba miezi mingi hadi Bagamoyo. Alizikwa London 1874. Miaka mitatu baadaye Stanley alifuata Lualaba hadi Boma. Haikuwa Nile, ilikuwa Kongo.

Alikosea mto, lakini alikubali kwenda kuona kwa macho. Na sisi tuone: pori la Kibira na la Itombwe ndiyo yanashika mvua, yanaiachilia polepole. Tukikata yote juu ya makala na mashimo, mayi itashuka mara moja na matope yake, hadi mashambani na majumbani mwetu. Wa kwanza kupatwa ni sisi wa plaine, na watoto wetu walioko machimboni watarudi kukuta nyumba haipo.