Mpangaji aliyewafurusha wapangaji

Kwa Kiswahili, mpangaji ni yule anayepanga mambo, na mpangaji pia ni yule anayelipa kodi tarehe tano kabla landilodi hajaanza kupiga simu. Leo nawaletea jamaa wa aina ya kwanza, Robert Moses, ambaye kwa zaidi ya miaka 40 ndiye aliyeamua barabara za New York zipite wapi. Wale wa aina ya pili watakuja baadaye kidogo. Bahati mbaya walikuwa njiani.

Kuna mambo mawili kumhusu ambayo ukiyasikia mara ya kwanza unadhani unachezewa. Kwanza, huyu mtu aliyejengea magari mji mzima hakuwahi kuendesha gari maisha yake yote. Alikuwa na dereva na limozini, naye kiti cha nyuma anachapa kazi na karatasi zake. Foleni kwake ilikuwa ofisi. Pili, hakuwahi kushinda uchaguzi wowote. Alijaribu bahati mwaka wa 1934 akitaka ugavana wa jimbo la New York, akabwagwa vibaya sana, na hakurudi debeni tena. Magavana na mameya walikuja wakaenda, yeye yupo tu.

Alizaliwa Desemba 18, 1888, mjini New Haven, katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Alisomea Yale, akaenda Oxford, kisha akachukua shahada ya uzamifu Columbia kwa utafiti kuhusu utumishi wa umma wa Uingereza. Huyo Moses kijana ungempenda. Aliandaa mfumo wa kuwapima wafanyakazi wa jiji ili mtu apandishwe cheo kwa bidii yake, si kwa kujuana. Wanasiasa wakauzima. Kufikia 1918 alikuwa anakaribia miaka 30, ana mke, ana mabinti wawili wadogo, na hana kazi. Wenzangu mnaosaga lami mnaijua hiyo hali. Mimi naona hapo ndipo alipobadilika, maana hakuwahi tena kwenda mahali akiwa na hoja nzuri bila nguvu za kuilinda.

Aliyemtoa kwenye hilo shimo ni Belle Moskowitz, mama aliyekuwa mshauri wa Gavana Al Smith. Kwa Smith, Moses alijifunza kazi moja ambayo wengi huiona ya kuchosha, yaani kuandika miswada. Akaijua kuliko wabunge wenyewe. Mwaka wa 1924 alipewa tume ya mbuga za Long Island, kwa sheria aliyoiandika mwenyewe. Ndani yake alichomeka neno moja lisilo na makuu, ambalo maana yake kamili ilikuwa imelala kwenye sheria ya zamani ya uhifadhi. Wabunge wakapitisha. Kumbe neno hilo lilimruhusu aingie kwenye shamba la mtu na kutangaza kwamba limechukuliwa, mambo ya fidia yafuate baadaye.

Kutokana na nguvu hizo tukapata Jones Beach, ufuo wa umma uliofunguliwa mwaka wa 1929. Sitamnyima sifa zake. Matajiri walikuwa wameufungia watu wa kawaida ule upande wa bahari, na Moses akaufungua. Lakini ulifikaje huko? Barabara zake za kwenda mbugani zilipiga marufuku mabasi, na madaraja ya juu yake yalijengwa mafupi. Kama alifanya hivyo makusudi kuwazuia maskini na watu weusi, wanahistoria wanabishana hadi leo. Sisi wa matatu hatuhitaji huo ubishi uishe ndio tujue nani alibaki mjini Jumapili.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapa ndipo penyewe. Mwaka wa 1936 daraja la Triborough lilifunguliwa, senti 25 kila gari. Mamlaka ya daraja hilo, ambayo Moses aliiongoza, ilitakiwa kuvunjwa deni likishalipwa. Yeye akatunga kifungu cha kuiruhusu itoe bondi mpya kulipia zile za zamani na kujenga miradi mingine. Deni haliishi, kwa hivyo mamlaka haifi. Tena masharti ya bondi ni mkataba na wawekezaji, na Katiba ya Marekani inalinda mikataba. Meya angefanya nini? Jiji halina pesa, Moses anazo, zinaingia mchana na usiku kwenye vibanda vya kulipia. Ofisi yake kuu ilikuwa kisiwani, chini ya daraja lenyewe. Kuna wakati alishikilia vyeo 12 kwa mpigo.

Mwaka huohuo wa 1936 alifungua vidimbwi 11 vikubwa vya kuogelea katika msimu mmoja wa joto. Jamaa alikuwa anajenga, usicheze.

Halafu ikaja East Tremont. Ni mtaa wa Bronx, na wakati huo wengi wa wakazi walikuwa Wayahudi waliofanya kazi kwenye biashara ya nguo. Kodi ilikuwa nafuu, treni iko karibu, na bustani ya Crotona iko hapo chini. Desemba 1952 wakapokea barua yenye jina la Moses: barabara kuu ya Cross Bronx inapita hapa, mna siku 90 mhame. Kwa kipande hicho cha maili moja tu, familia zilizotakiwa kuondoka zilikuwa 1,530, kwa hesabu ya Robert Caro aliyeandika maisha ya Moses mwaka wa 1974.

Akina mama wa mtaa hawakukaa kulia. Waliunda kamati, wakatafuta wahandisi, wakarudi na mchoro wao. Ukisogeza barabara mitaa miwili tu kusini, ipite ukingoni mwa bustani, karibu nyumba zote zinapona. Wahandisi walisema inawezekana. Robert Wagner, akiomba kura za umeya, aliwaahidi kuwasimamia. Akapata kiti, akageuka. Moses hakusogeza mstari wake hata kidogo.

Wakaanza kuhama mmoja mmoja. Orofa ya juu ikibaki tupu, mafundi wanang'oa paa huku wa chini bado wanapika chakula cha jioni. Hapo ndipo mimi na Moses tunapoachana kabisa. Barabara inahitaji nafasi, hilo naelewa. Lakini waliomletea mchoro bora aliwachukulia kama wasumbufu. Kwa makadirio ya Caro, barabara zake kuu ziliwahamisha watu 250,000 kwa jumla. Cross Bronx yenyewe siku hizi inasifika kwa msongamano, na watu wanaoishi kandokando yake wanasumbuliwa na pumu.

Kosa lake la kitaalamu lilikuwa lingine, na halizungumzwi sana. Alipokuwa akijenga barabara ya Van Wyck kuelekea uwanja wa ndege, wapangaji wenzake walimwomba aache nafasi ya reli katikati. Ardhi ingekuwa bei rahisi wakati huo. Akakataa. Mwaka wa 2003 treni ya uwanja huo ilizinduliwa, na ilibidi ipitishwe kwenye nguzo juu ya barabara hiyohiyo.

Miaka ya mwisho haikuwa mizuri kwake. Mtaani Greenwich Village, Jane Jacobs na majirani walizuia barabara yake isikate bustani ya Washington Square. Barabara kuu aliyotaka kupitisha chini ya Manhattan haikujengwa hata siku moja. Mwaka wa 1962 alimtishia Gavana Nelson Rockefeller kwamba atajiuzulu. Alikuwa amezoea kubembelezwa kila akisema hivyo. Rockefeller akamkubalia, na vyeo vya jimbo vikaondoka. Alibaki na Triborough na zile bondi zake zisizoguswa. Ila mwakilishi wa wenye bondi ilikuwa benki ya Chase Manhattan, na mkuu wake David Rockefeller alikuwa ndugu wa gavana. Wakaelewana. Machi 1968 Triborough ilimezwa na mamlaka mpya ya usafiri, MTA, na mzee akapewa kazi ya ushauri ambayo hakuna aliyeuomba ushauri wake.

Alifariki Julai 29, 1981, akiwa na miaka 92. Daraja la Triborough tangu 2008 linaitwa jina la Robert F. Kennedy. Ada bado inalipwa pale, na sehemu ya pesa hizo inaenda kuendesha treni za chini ya ardhi.