Luigi Broglio na Setilaiti Iliyoitwa Uhuru

Mwembe Tayari, katika kisiwa cha Mombasa, ni mahali pa kuanzia safari. Msafiri wa mwishoni mwa miaka ya sitini aliyetoka hapo kuelekea kaskazini alivuka Nyali kwa daraja lililoelea majini, akangoja feri Kilifi, akapita Malindi na Mambrui. Alipofika Ngomeni aliona baharini, katika Ghuba ya Ungwana, kitu ambacho pwani haikuwa imekizoea: majukwaa ya chuma yaliyosimama juu ya miguu mirefu. Aliyeyaleta ni mhandisi wa Kiitalia, Luigi Broglio. Wanafunzi wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kumjua mtu huyu, kwani kutoka majukwaani pake neno moja la lugha yao lilipaa angani na kuingia katika historia ya fizikia.

Broglio alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1911. Alisomea uhandisi mjini Roma, akawa ofisa wa jeshi la anga na baadaye profesa katika Chuo Kikuu cha Sapienza, ambako aliongoza skuli ya uhandisi wa ndege. Katika miaka ya hamsini alishughulikia roketi za utafiti kule Sardinia. Mwaka 1961 aliishawishi serikali yake kuingia katika shughuli za anga za juu, na mwaka uliofuata Italia na Marekani zikatia saini mapatano: Marekani itoe roketi na mafunzo, Italia itoe setilaiti na mahali pa kurushia. Tarehe 15 Disemba 1964 wahandisi wake walirusha San Marco 1 kutoka Virginia, na Italia ikawa nchi ya tatu, baada ya Urusi ya Kisovieti na Marekani, ambayo watu wake walirusha setilaiti waliyoiunda wenyewe.

Kwa nini basi Ngomeni? Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na mwendo wa uso wake ni mkubwa zaidi kwenye Ikweta, zaidi ya kilomita 1,600 kwa saa. Roketi inayorushwa karibu na Ikweta hupata mwendo huo bila gharama. Ngomeni haifiki hata digrii 3 kusini mwa mstari huo, na mashariki yake ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vilivyokwisha kazi vingeanguka pasipo watu. Hesabu ilikuwa safi. Ni haki pia kukumbuka kwamba mapatano ya mwaka 1962 yalipotiwa saini Kenya ilikuwa bado koloni.

San Marco 2 iliruka kutoka baharini tarehe 26 Aprili 1967. Ndani yake mlikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, kinachojulikana kama mizani ya Broglio. Gamba la nje la setilaiti liliunganishwa na kiini chake kwa mikono inayonepa. Hewa haba ya juu iliposukuma gamba, mikono ilijipinda kidogo, na kutokana na mpindo huo ikawezekana kupima wingi wa hewa mahali ambapo hewa karibu haipo. Kifaa hiki, pengine kuliko vyeo vyake vyote, ndicho kinachoonyesha alivyokuwa akifikiri.

Lakini jina la pwani lilikuzwa na mzigo wa wageni. Tarehe 12 Disemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka jukwaani karibu saa nane mchana ikiwa na setilaiti ya Marekani yenye uzito wa kilo 140 hivi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa setilaiti ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi kwa upande wa Wamarekani, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe. Roketi ilikuwa ya Kimarekani, warushaji Waitalia, na matokeo yalisomwa ng'ambo. Kiswahili kilitoa jina, na jina likadumu.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta eksirei zitokazo angani. Miale hiyo haifiki ardhini kwa kuwa hewa huimeza. Hapo awali Riccardo Giacconi na wenzake walitumia roketi ndogo zilizochungulia juu ya hewa kwa dakika chache kisha zikaanguka. Uhuru ilichungulia kwa zaidi ya miaka miwili, hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339.

Kimojawapo, Cygnus X-1, kilibadilisha mng'ao wake ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Kitu hakiwezi kumetameta upesi kuliko muda ambao mwanga huchukua kukivuka, hivyo hicho kilikuwa kidogo mno kuwa nyota ya kawaida. Wanafalaki wakagundua kwamba kinazungukana na nyota kubwa ya buluu, nao walipopima mwendo wa nyota hiyo waliona kwamba mwenziwe asiyeonekana ni mzito kupita kiasi. Vipimo vya mwaka 2021 vinampa uzito wa takriban jua 21. Lilikuwa shimo jeusi la kwanza kupata ushahidi wa nguvu. Stephen Hawking aliwekeana dau na Kip Thorne kwamba silo, akakubali kushindwa mwaka 1990.

Hapo ndipo nadharia mbili kuu za fizikia hugongana. Ya Einstein ya mwaka 1915 hueleza uvutano kuwa ni mpindo wa mahali na wakati. Ya kwanta hueleza chembe ndogo kabisa, ambazo mahali na mwendo wake haviwezi kujulikana kikamilifu kwa pamoja. Kila moja imefaulu majaribio yake. Katika kina cha shimo jeusi zinahitajika zote mbili, na zikiunganishwa kwa njia za kawaida hesabu huleta majibu yasiyo na ukomo. Mwaka 1974 Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba shimo jeusi hutoa mnururisho hafifu na hatimaye huyeyuka. Basi habari za vitu vilivyotumbukia humo huenda wapi? Nadharia ya kwanta hairuhusu zipotee, na jibu linalokubaliwa na wote halijapatikana.

Broglio hakuwa mwananadharia wa mambo hayo. Yeye alikuwa mtu wa chuma, fueli na hesabu za njia. Setilaiti ya tisa na ya mwisho kutoka Ngomeni iliruka Machi 1988, na juhudi zake za kupata roketi yenye nguvu zaidi hazikufua dafu. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, na safari ya kutoka Mwembe Tayari ikawa nyepesi, majukwaa yalikuwa yamekwisha kunyamaza. Alifariki tarehe 14 Januari 2001. Mwaka uliofuata Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ambayo Uhuru ilikuwa nguzo yake mojawapo, na mwaka 2004 kituo cha Malindi kikapewa jina la Broglio. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Nairobi, kikishirikiana na Sapienza, kilipata setilaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Haikurushwa kutoka Ngomeni. Iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga, na jina lake, 1KUNS-PF, halina neno hata moja la Kiswahili.